Bustani ya mboga nyuma ya nyumba: Mbinu za bei nafuu kutoka milima ya Machakos

MVUA ya vuli inapoanguka katika milima ya Iveti, maji hushuka kwa kishindo kutoka kwenye mapaa ya mabati, yakakatiza uani na kuondoka na udongo mwekundu hadi barabarani. Jua likichomoza siku ya pili, uwanja huwa umekauka na kuwa mgumu mithili ya sakafu. Wiki chache baadaye, mama wa nyumba hiyo hiyo huonekana akijitwika mtungi wa lita 20, au akinunua maji kutoka kwa mchuuzi wa mkokoteni, ili kuinusuru miche michache ya sukuma wiki inayonyauka nyuma ya jikoni.

Hicho ndicho kitendawili cha bustani nyingi katika Kaunti ya Machakos. Familia hupoteza maji yaliyokuja bila malipo, kisha ikayatafuta kwa jasho na pesa. Kiangazi kinapokaza, mashina hukauka, mboga hupanda bei sokoni, na jamaa iliyokuwa na bustani hurudi kununua kama wengine.

Wengi hudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni mbegu za bei ghali, mbolea ya dukani au tangi kubwa la plastiki. Vitu hivyo vina manufaa yake, lakini si vya kutangulizwa. Kazi ya kwanza ni kuyazuia maji yasitoroke na kuufunika udongo usichomwe na jua. Kazi hiyo huhitaji jembe, vijiti, mawe, takataka za jikoni na siku kadha za jasho.

Mafunzo ya matuta

Somo hili si geni Ukambani. Katika miaka ya 1930, milima ya Machakos ilijulikana kote nchini kwa mmomonyoko wa udongo. Ripoti iliyotayarishwa mwaka wa 1937 na Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na uhifadhi wa udongo, ilieleza hali ya kutisha ya mashamba na malisho yaliyoharibika. Mwaka uliofuata, serikali hiyo ilipojaribu kupunguza mifugo kwa nguvu, wakazi wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi kupinga hatua hiyo.

Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye, wakulima wenyewe walipoona faida ya kazi hiyo. Kuanzia miaka ya 1950, na hasa katika miaka ya 1970 na 1980, walijenga matuta ya ngazi kwenye miteremko, mara nyingi kupitia vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya. Mbinu iliyopendwa zaidi ni ile ya kuchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu ili ufanye ukingo. Mbinu hiyo huitwa fanya juu, na maneno hayo mawili ya Kiswahili yameingia katika vitabu vya kilimo duniani bila kutafsiriwa.

Mwaka wa 1994, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya hiyo. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua na mazao kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka. Ardhi iliyodhaniwa imekufa ilifufuliwa kwa majembe.

Hata hivyo, katika maboma mengi elimu hiyo huishia shambani. Mahindi na maharagwe hupandwa kwenye matuta yaliyopimwa vizuri, lakini mboga za nyuma ya nyumba huachwa zijitegemee kwenye kipande cha ardhi kinachoteremka, kilichokanyagwa na watoto na kuparuliwa na kuku. Kanuni zilizookoa milima zinaweza kukiokoa kipande hicho pia.

Kwa nini mboga hukauka

Sehemu nyingi za Machakos hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 1,000 kwa mwaka, nayo huja kwa misimu miwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kiasi hicho si kidogo mno. Tatizo ni kwamba mvua hiyo hunyesha kwa siku chache na kwa nguvu nyingi, kisha kiangazi kirefu hufuata.

Maji hupotea kwa njia tatu. Kwanza, matone makubwa huupiga udongo ulio wazi, chembe zake ndogo huziba vitundu, na tabaka gumu hutokea juu. Maji yanayofuata hushindwa kupenya, hivyo hutiririka. Pili, maji machache yaliyopenya huvutwa na jua na upepo kutoka kwenye udongo usiofunikwa. Tatu, udongo wenye mchanga mwingi na mboji kidogo hauna uwezo wa kuyashika maji, hivyo huzama chini kupita mahali mizizi ya mboga inapofika.

Kila mbinu inayoelezwa hapa chini huziba angalau moja ya mianya hiyo mitatu.

Kipimo cha vijiti vitatu

Jambo la kwanza ni kujua maji huelekea wapi. Hata uwanja unaoonekana tambarare huwa na mteremko, na kitanda cha mboga kilichochimbwa kufuata mteremko hugeuka kuwa mfereji. Kitanda hufaa kulala kwenye mstari wa kontua, yaani mstari unaopita sehemu zenye kimo kimoja.

Mstari huo hupatikana kwa kipimo kinachoweza kutengenezwa kwa dakika chache. Miti miwili iliyonyooka yenye urefu wa mita 2 hufungwa pamoja kileleni, na mti wa tatu hufungwa katikati kwa kuikatisha, umbo likawa kama herufi A. Kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni hadi ipite chini kidogo ya mti wa kati.

Kabla ya kutumiwa, kipimo hurekebishwa. Miguu yake husimamishwa kwenye alama mbili ardhini, na mahali kamba inapogusa mti wa kati huwekwa alama. Kisha miguu hubadilishana nafasi na alama ya pili huwekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tangu hapo, kila kamba inapotulia kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili huwa imesimama kwenye kimo kimoja. Mtumiaji huweka kigingi, huzungusha mguu mmoja mbele, hutafuta usawa tena na kuendelea hivyo hadi mwisho wa uwanja. Safu ya vigingi itakayobaki ndiyo itakayoonyesha mahali pa kuchimba.

Kitanda cha kuzama

Katika maeneo yenye mvua nyingi, mboga hupandwa kwenye matuta yaliyoinuliwa ili maji yaliyozidi yaondoke. Wakazi wengi wa maeneo makavu wameiga mtindo huo bila kujua kwamba tuta lililoinuliwa hukauka haraka kutoka pande zote. Penye ukame, kinachofaa zaidi ni jaruba, yaani kitanda kilichozama chini kidogo ya uso wa ardhi.

Jaruba huwa na upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote bila mtu kuukanyaga udongo. Urefu hutegemea nafasi. Mita 4 zatosha kuanzia. Udongo wa juu, wenye rutuba, huchimbwa na kuwekwa kando. Udongo wa chini huchimbwa hadi sentimita 30 au 40 na kutumiwa kujenga kingo, ukingo mkubwa ukiwa upande wa chini wa mteremko. Mabua makavu ya mahindi na majani magumu hutandazwa kwenye sakafu ya shimo. Hatimaye udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza na kurudishwa, lakini usilijaze shimo. Sentimita 10 huachwa wazi ili maji yatuame na kupenya.

Tahadhari moja ni muhimu. Katika nyanda za Athi River na kwingineko kwenye mfinyanzi mweusi, udongo hushika maji mengi mno wakati wa mvua na mizizi huoza. Huko ni afadhali kuinua kitanda kidogo, na kutegemea matandazo kuzuia ukavu kiangazi kinapofika.

Hesabu ya maji ya paa

Milimita 1 ya mvua inayoanguka kwenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Kwa hivyo, paa la mita 5 kwa 6, ambalo ni la mita 30 za mraba, likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 600. Hata ikiwa sehemu moja kwa tano itapotea kwa kuruka na kuvuja, lita 480 hubaki. Hiyo ni mitungi 24 ya lita 20, kutoka kwa mvua ya usiku mmoja.

Mboga katika hali ya joto ya Machakos huhitaji takriban lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Jaruba la mita 1 kwa 4 huhitaji basi mtungi mmoja hivi kila siku. Maana yake ni kwamba mvua ya usiku huo mmoja ingeweza kukimu jaruba hilo kwa siku 24.

Ugumu ni kuyahifadhi. Pipa la kawaida hubeba lita 200 tu, na tangi ni ghali. Lakini udongo wenyewe ni tangi. Vipande vya mabati makuukuu vilivyokunjwa huweza kutumiwa kama mifereji ya paa. Pipa huwekwa chini yake, na maji yanayofurika huelekezwa kwa mtaro mdogo hadi kwenye jaruba. Yale yanayozidi huendelea hadi kwenye shimo la mgomba au mpapai lililojazwa samadi na majani. Hivyo tone halifiki barabarani kabla ya kuulizwa linakokwenda.

Pipa lazima lifunikwe vyema. Maji yaliyo wazi huwa mazalio ya mbu, na huweza kumdhuru mtoto anayecheza karibu.

Maji yaliyokwisha kutumika

Kila siku, familia humwaga maji yaliyooshea mboga, vyombo na nguo. Mengi ya maji hayo yanaweza kutumiwa tena, mradi kanuni chache zifuatwe. Maji ya kuoshea mboga, nafaka na mikono hayana shida kubwa. Yale yenye sabuni kidogo humwagwa ardhini, penye matandazo, wala si juu ya majani ya mboga. Inafaa pia yabadilishwe mahali na kufuatiwa na maji safi mara kwa mara ili chumvi ya sabuni isijikusanye.

Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, maji ya mafuta mengi na yale yaliyofulia nepi hayapaswi kuingia bustanini. Aidha, mboga zinazoliwa mbichi kama vile dania na vitunguu vya majani zitengewe maji safi. Maji yaliyotumika yasihifadhiwe zaidi ya siku moja, kwani hunuka na kuzalisha vijidudu.

Njia nyingine ya kubana maji ni kuyapeleka mizizini moja kwa moja. Mtungi wa udongo wa kufinyangwa usiotiwa rangi wala vanishi huzikwa hadi shingoni, ukajazwa maji na kufunikwa. Maji hupenya polepole kupitia kuta zake kadiri udongo unavyokauka, na mimea inayouzunguka hujinywea. Mbinu hiyo ilijulikana nchini China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Asiye na chungu hutoboa vitundu vidogo kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki, akakata kitako, na kuisimika kichwa chini karibu na shina. Wakati mzuri wa kumwagilia ni alfajiri au jioni, si saa ya jua kali.

Mboji na matandazo

Udongo wa Machakos mara nyingi hukosa mboji, na bila mboji maji hayakai. Kwa bahati nzuri, malighafi ya mboji hutupwa kila siku katika kila boma.

Lundo hupangwa kivulini kwa upana wa mita 1 au zaidi kidogo. Mabua magumu hutangulia ili hewa ipite. Hufuata tabaka la majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya mbuzi, ng'ombe au kuku, na udongo kidogo. Tabaka hizo hurudiwa hadi lundo lifike kiunoni, kila moja ikinyunyiziwa maji. Majani ya tithonia, mmea wenye maua makubwa ya manjano unaopandwa kuwa ua, hufaa sana kwa kuwa yana naitrojeni nyingi na huoza upesi. Nyama, mafuta, kinyesi cha mbwa au paka, na mimea yenye magonjwa havitiwi.

Fimbo ndefu huchomekwa katikati ya lundo ili kupima hali. Ikitolewa ikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea vyema. Ikiwa kavu, lundo linahitaji maji. Ikiwa baridi na yenye uvundo, lundo limekosa hewa na linafaa kupinduliwa. Lundo hupinduliwa kila baada ya wiki 2 au 3, na mboji huwa tayari baada ya miezi 2 au 3. Alama ya kuiva ni harufu ya udongo wa msituni na kutotambulika kwa vitu vilivyotiwa. Samadi mbichi isiwekwe moja kwa moja kwenye miche, kwani huichoma.

Baada ya kupanda, udongo hufunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, yenye unene wa sentimita 5 hadi 10. Matandazo huvunja nguvu ya matone, huzuia tabaka gumu, hupunguza magugu na kuuhifadhi unyevu.

Hapa pana mvutano ambao kila mfugaji wa Ukambani anaufahamu: mabua hayo hayo ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Suluhisho ni kutumia masazo ambayo mifugo imeyakataa, majani yaliyofagiliwa uani na magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu. Mchwa nao hupenda matandazo makavu, hivyo yasisongamane na mashina. Nafasi ya upana wa vidole vinne iachwe.

Wasio na uwanja

Si kila mkazi wa kaunti hii ana uwanja. Wapangaji wa mjini Machakos, Athi River na Mlolongo wengi wao wana mlango na kibaraza tu. Hao wanaweza kutumia gunia.

Kilimo cha magunia kilipata umaarufu katika mtaa wa Kibera, Nairobi, hasa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowasaidia wakazi kwa miche na mafunzo mwaka wa 2008. Gunia moja kubwa huweza kubeba kati ya miche 20 na 40 kwenye eneo lisilozidi nusu mita ya mraba.

Karai 2 za udongo huchanganywa na karai 1 ya samadi iliyooza. Kopo kubwa lililokatwa juu na chini husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, huku udongo ukijazwa kando yake. Kopo huvutwa juu hatua kwa hatua na kujazwa tena, hadi nguzo ya kokoto ifike kinywani mwa gunia. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Bila hiyo, maji huishia juu na mimea ya chini hufa kwa kiu. Matundu hutobolewa ubavuni kwa kupishana, kila moja likiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwa jingine, na miche hupandwa humo. Gunia linahitaji jua la angalau saa 6 kwa siku.

Mwenye nafasi ya mita 2 aweza kujenga bustani ya duara, mtindo ulioenea sana Lesotho. Ukuta wa mawe hujengwa hadi kimo cha goti au kiuno, na kikapu cha vijiti husimamishwa katikati. Njia nyembamba huachwa kutoka ukingoni ili mtu akifikie kikapu. Takataka za jikoni na maji yaliyotumika hutiwa humo, na rutuba husambaa kwa mimea yote. Bustani hiyo huwafaa wazee na watu wasioweza kuinama kwa muda mrefu.

Kwa miche, pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini hutosha, au karatasi za gazeti zilizokunjwa kuwa vikombe. Vikombe vya gazeti hupandwa pamoja na mche, kwani huozea udongoni.

Nini kipandwe, na lini

Maandalizi ya jaruba na mboji hufaa kufanywa Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Mbegu za sukuma wiki zikipandwa kitaluni mwezi Septemba, miche huwa tayari baada ya wiki 4 au 5, mvua inapokaribia. Kitalu kisicho na kivuli hunyauka. Matawi machache juu ya vigingi hutosha.

Sukuma wiki na spinachi zina soko na watoto wamezizoea, lakini zina kiu. Kunde, mchicha na managu huvumilia zaidi. Kunde hustahimili ukame na kuurutubisha udongo kwa naitrojeni, na kuna aina kama M66 na K80 zilizotokana na utafiti wa Kituo cha Katumani, kilicho nje kidogo ya mji wa Machakos, ambazo hutoa majani na pia nafaka. Majani ya mchicha na kunde huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4, sukuma wiki baada ya wiki 4 hadi 6 tangu kuhamishwa.

Kosa la kawaida ni kupanda kila kitu siku moja. Mboga hujaa mwezi mmoja na kutoweka mwezi unaofuata. Ni heri sehemu ndogo ipandwe kila baada ya wiki 3. Wakati wa kuchuma, majani ya chini huondolewa kwanza na yale manne au matano ya kileleni huachwa ili mmea uendelee kukua.

Kuku, wadudu na usalama

Adui mkubwa wa bustani ya nyumbani ni kuku. Ua la matawi ya miiba yaliyosukwa kati ya vigingi halina gharama na huzuia mbuzi pia.

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani ya sukuma wiki, hupunguzwa kwa kuosha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kisha kuyasuuza. Jivu hunyunyizwa kidogo kuzunguka mashina ili kuzuia konokono, lakini likizidi huharibu udongo. Maji yaliyolowekwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa hutumika pia dhidi ya wadudu. Mboga ziwe zimeoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Mboga za jamii ya sukuma wiki zisirudiwe kitanda kimoja msimu baada ya msimu. Kunde zifuate, ili wadudu na magonjwa yakose makao.

Baadhi ya vitu vya bure ni hatari. Makopo ya dawa za kilimo, mikebe ya rangi na maganda ya betri yasitumiwe kupandia kamwe, hata yakioshwa. Vilevile udongo wa karibu na gereji, jaa la taka au ukingo wa barabara kuu huweza kuwa na madini ya sumu kama risasi, ambayo hayaonekani wala hayaondoki kwa kuosha mboga.

Kuanza na kidogo

Mwaka wa 2020, janga la Covid-19 lilipovuruga mapato na masoko, serikali ilizindua mpango wa kuhimiza bustani milioni 1 za mboga majumbani kote nchini. Ugumu wa bustani kama hizo huanza pale miche inapomea, mvua ikaisha na mtungi ukarudi kichwani.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko wingi wa vifaa. Wiki ya kwanza, mteremko upimwe na jaruba moja lichimbwe. Wiki ya pili, mfereji wa paa uelekezwe huko na lundo la mboji lianzishwe. Wiki ya tatu, kitalu kipandwe na ua lisukwe. Pesa zitakazohitajika ni za mbegu, na pengine gunia au pipa kuukuu.

Uchimbaji ndio mzigo mkubwa, na mara nyingi huwaangukia wanawake ambao tayari wamelemewa na kazi. Kwa hilo Ukambani una jibu la tangu jadi. Majirani watano wakikutana kila Jumamosi, leo kwa huyu na kesho kwa yule, kila boma huwa na jaruba lake baada ya wiki 5. Huo ndio mwethya uliojenga matuta ya milimani.

Jaruba moja la mita 4 halitaiondolea familia haja ya kwenda sokoni. Litatoa chungu cha mboga mara kadha kwa wiki, na kuigeuza mvua ya usiku mmoja kuwa maji ya wiki tatu. Kwa anayejua uzito wa mtungi wa lita 20 mgongoni, safari ambazo hatazifanya kisimani ndizo mavuno ya kwanza.